Nafasi za Wilaya

Mwaka 1981, nilipomaliza darasa la saba, mtoto hakuchaguliwa kwenda sekondari kwa alama zake peke yake. Mkoa wa Mbeya ulikuwa na nafasi zake, wilaya ya Mbozi ilikuwa na zake ndani ya zile za mkoa, na sisi wasichana tulikuwa na zetu ndani ya zile za wilaya. Utaratibu huo ulianza mwaka 1974, na walioubuni walikuwa na hoja: nafasi zikigombewa nchi nzima kwa alama tu, watoto wa Kilimanjaro na Bukoba watazizoa, na kati ya hao wengi watakuwa wavulana. Mimi niliingia kidato cha kwanza kwa mlango huo. Nimeambiwa mara nyingi maishani kwamba nilibebwa. Sijawahi kubisha, maana nawajua pia waliobebwa kabla yangu na hakuna aliyewahi kuwaambia.

Nilizaliwa katika kijiji kimoja cha kata ya Itaka, upande wa kaskazini wa nyanda za juu za Mbozi. Kwetu ni nchi ya baridi na udongo mwekundu; kahawa inakubali, mahindi yanakubali, maharage ndiyo usiseme. Ukiendelea kuelekea Kamsamba unaanza kuteremka mpaka Bonde la Ziwa Rukwa, kwenye joto na mbu na samaki wa kukausha. Ukigeuka kusini unaitafuta Mlowo na Vwawa, ilikopita barabara kuu ya Zambia, na ilikopita pia reli ya TAZARA tuliyokabidhiwa na Wachina mwaka 1976. Leo tuko mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016, na makao yake makuu ni hapo hapo Vwawa. Wakati ninaousimulia, Vwawa kwetu ilikuwa bomani, mahali baba alipokwenda akiwa na shida isiyoweza kumalizwa kijijini.

Shule ilitujia kwa amri. Novemba 1974 chama kiliketi Musoma kikaazimia kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani. Kabla ya hapo kijijini kwetu walisoma wachache, tena kwa kufuata shule ya misheni au kwa kukaa na ndugu karibu na barabara. Mwanzoni mwa mwaka 1975 balozi wa nyumba kumi akapita nyumba kwa nyumba na daftari. Ulisimama mbele yake, ukapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, ukishika sikio la kushoto umekuwa mwanafunzi. Nilikuwa na miaka tisa, sikio nililishika bila taabu. Kaka yangu alikuwa ameshapangwa aende; mimi nilikuwa na mdogo wangu mgongoni, na hesabu ya nyumbani ilikuwa kwamba nitaendelea kuwa naye mgongoni. Balozi akatuandika sote wawili. Watu wakisikia habari hii hudhani alikuwa mtetezi wa wasichana. La hasha. Alikuwa akimwogopa Katibu Kata, na Katibu Kata alitaka idadi.

Sijui kama azimio lile lingefika kwetu kwa njia nyingine. Ubishi juu ya faida ya kumsomesha mtoto wa kike ungeweza kuchukua miaka ishirini pale kijijini, ukaisha bila jibu. Daftari la balozi liliumaliza asubuhi moja.

Tulianza chini ya mkaratusi. Madaftari hayakutosha, kwa hiyo herufi tulizichora ardhini kwa vijiti, na mwalimu alipita akizikagua huku akichunga asikanyage kazi ya mtu. Baadaye wazazi wakajenga darasa la miti na udongo, wakaliezeka kwa nyasi. Mwalimu wetu mwenyewe alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba muda si mrefu; asubuhi alitufundisha sisi, mchana akaenda kufundishwa jinsi ya kutufundisha. Mjini waliwacheka walimu wale, wakasema UPE, kifupi cha Kiingereza cha mpango ule wa elimu ya msingi kwa wote, maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Mimi nimefundisha karibu miaka arobaini, nina vyeti, na kijana yule ndiye aliyenifunza kugawanya kwa njia ndefu, kwa punje za mahindi, kwa namna ambayo mpaka leo sijaona iliyo bora kuliko hiyo.

Mama yangu alinitangulia kusoma. Hili watoto wangu hawalijui vizuri, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, kisha ikaja kampeni ya kufuta ujinga nchini kote hadi mwaka 1975. Kisomo cha kwetu kilikuwa alasiri, baada ya shamba. Wanawake walijaa, wanaume walikuja wachache, wengine wakakaa nje wakisikiliza kana kwamba wanapita njia tu. Mama alikwenda na mtoto mgongoni na kitabu ndani ya kanga. Vitabu vyenyewe vilihusu kilimo na afya, vimejaa mbolea na vyoo, na yeye aliviona vitamu kama hadithi. Usiku alitamka silabi jikoni akichochea moto: ka-ha-wa, ma-gu-ni-a. Mwaka 1975 akafanya mtihani wa kisomo, akafaulu. Sherehe haikuwapo. Kilichotokea ni kwamba msimu wa kahawa uliofuata alichukua stakabadhi ya mauzo mkononi mwa baba, akausoma uzito, akairudisha bila kusema neno. Baba aliitazama ile karatasi tena, na mimi nikamtazama baba. Tangu hapo stakabadhi zote zilikaa kwa mama, kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kenchi.

Darasa letu lilianza wasichana na wavulana karibu sawa kwa sawa. Balozi alikuwa amefanya kazi yake. Kupungua kulianza polepole, na hakuna siku ambayo mtu angeweza kunyoosha kidole akasema leo wasichana wameacha shule. Juni na Julai kahawa inaiva na mikono inatakiwa. Msichana anakosa wiki mbili, akirudi hesabu zimemwacha. Mama yake anajifungua, anakosa mwezi. Maji ya kisima cha karibu yanakauka. Anafika shuleni wenzake wakiwa wametoka mapumziko, anachapwa kwa kuchelewa, kesho anaona heri asije. Wavulana nao waliacha, sisemi hawakuacha. Kuna waliokwenda kuchunga na kuna waliokimbilia Tunduma kubeba mizigo. Tofauti ni kwamba mvulana alipoacha, nyumbani waliuliza.

Na shuleni penyewe tulikuwa na Elimu ya Kujitegemea. Sera yenyewe ilikuwa nzuri, naitetea mpaka leo. Nimekula mahindi ya shamba la shule na nimeandika kwenye daftari lililonunuliwa kwa maharage yake. Lakini angalia kazi zilivyogawanywa. Wavulana walikata miti na kufyatua matofali, kazi ya siku maalumu, na siku hiyo hakukuwa na masomo kwa mtu yeyote. Wasichana tulichota maji, tulifagia, tulikandika kuta, na maji ya nyumbani kwa walimu yalikuwa yetu pia. Kazi hizo hazikuwa na siku maalumu. Zilikuwa za kila siku kabla ya kengele na baada ya kengele, kwa hiyo kwenye ratiba hazikuonekana. Ukaguzi ulipokuja uliona shule ambayo wote wanafanya kazi sawa.

Tulipofika darasa la saba tulikuwa wasichana wachache, tena wakubwa. Hilo nalo lilitokana na Azimio la Musoma: wengi tuliandikishwa tukiwa tumechelewa, kwa hiyo mtihani wa taifa ulitukuta na miaka kumi na tano, kumi na sita, na zaidi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka kumi na tano aolewe kwa ridhaa ya mzazi. Wachumba walikuwa wanaijua kalenda ya mitihani kuliko sisi wenyewe. Rafiki yangu wa karibu, niliyekaa naye dawati moja tangu tulipopata madawati, alitolewa mahari mwaka ule ule tuliofanya mtihani. Alikuwa akinizidi Kiswahili na maarifa. Mimi nilimzidi hesabu.

Nchi nzima miaka ile, katika kila watoto mia waliomaliza darasa la saba, hawakufika watano waliopata kidato cha kwanza katika shule za serikali. Kwetu majina yalirudi matatu: wavulana wawili na mimi. Kulikuwa na mvulana mwingine ambaye kila mtu, pamoja na mimi, alijua ananizidi. Hakuchaguliwa. Wasichana walikuwa na fungu lao, na kwenye fungu hilo mimi nilikuwa juu. Wavulana walikuwa na lao, na yeye alikuwa chini kidogo ya mstari. Mwalimu mkuu alilieleza hilo mbele ya shule nzima kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la mnada. Yule mvulana akacheka, akapiga makofi na wenzake.

Nyumbani mjadala haukuwa juu ya alama. Walikuja wazee wa familia moja ambayo kijana wao alikuwa Zambia, kwenye migodi ya shaba, na waliongea habari za ng'ombe. Baba hakuwa mkali, nataka hilo lieleweke. Hakuniambia siendi. Alisema, kwa upole kabisa, kwamba shule inataka sanduku, shuka, blanketi, ndoo, jembe, sare, na nauli ya kufika Mbeya, na kwamba mwaka huu hela hakuna. Ni njia nzuri sana ya kumkatalia mtoto. Inamwachia kila mtu heshima yake.

Mama akashusha lile kopo. Akatoa stakabadhi akazipanga kwenye mkeka moja baada ya nyingine, kwa tarehe. Akasoma uzito wa kila moja, akajumlisha kwa sauti, akataja malipo ya kwanza yaliyokwisha kutoka, akataja yaliyotumika na yalitumika kwa nini, pamoja na vitu viwili ambavyo baba asingependa vitajwe mbele ya wageni. Kisha akasema, "Mzee, malipo ya pili bado. Yakija yanatosha sanduku na yanabaki." Wale wazee walikunywa chai yao. Mmoja wao, aliyekuwa mcheshi, akamwambia baba, "Umeoa karani."

Nikaenda. Sanduku la bati tulilipata Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na sabuni pia, maana baada ya vita vya Kagera maduka ya upande wetu yalikuwa na chumvi na viberiti, na siku nyingine hata hivyo havimo.

Mbeya nilipelekwa shule ya bweni ya wasichana. Nilitegemea kukutana na wasichana wa mkoa mzima, na kweli walikuwapo, ila si kwa kipimo kimoja. Wa kutoka Tukuyu na Kyela walikuwa wengi, wanafahamiana, wana dada zao madarasa ya juu. Wa Mbozi tulikuwa wachache, wa Chunya wachache zaidi. Kutoka kule bondeni, Kamsamba na vijiji vya ziwani, simkumbuki hata mmoja. Mwalimu wetu wa historia alitupa ufunguo bila kukusudia. Wamisionari waliingia Rungwe, upande wa Tukuyu, mwaka 1891. Mbozi Wamoravian walifika mwishoni kabisa mwa karne hiyo, na Traugott Bachmann akaanza kuiandika lugha yetu ya Kinyiha. Wale wa bondeni waliwangoja zaidi. Ukichora ramani ya misheni na ukachora ramani ya mabweni yetu, karatasi mbili zinalingana.

Baadaye, chuo cha ualimu, nilipanga chumba kimoja na msichana kutoka Machame. Alikuwa akiletewa barua kila mwezi, mwandiko wa kale, mrefu, umelala upande mmoja. Nikadhani ni za mama yake. "Hapana," akasema, "ni bibi." Nilikaa na jambo hilo siku nyingi. Mama yangu mimi alikuwa amejifunza kusoma akiwa na watoto watano, na nilimwona shujaa, na alikuwa shujaa. Mwenzangu alikuwa na bibi aliyesoma shule ya Walutheri kabla ya vita vya pili. Walipokuwa wakitulinganisha alama, walikuwa wanalinganisha vizazi vitatu kwa kimoja.

Mtu ataniuliza: na kahawa? Mbozi nayo ina kahawa. Ni kweli, na swali hilo nimelipeleka kwa wazee wengi. Wachagga walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, tangu mwaka 1933. Kahawa ilikuwa ya mwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, na fedha yake ikarudi kijijini ikawa ada na madarasa. Kwetu kahawa ya zamani ilikuwa ya mashamba ya walowezi, Mnyiha akiwa kibarua. Wanaume walikwenda kutafuta kodi kwenye dhahabu ya Lupa, Chunya, wengine wakavuka mpaka kwenda kwenye shaba, na shamba likabaki kwa mwanamke na binti yake mkubwa. Mkulima mdogo wa Mbozi alipata kahawa yake mwenyewe akiwa amechelewa. Halafu miaka ya themanini serikali ilipolegeza na shule za sekondari za watu binafsi na za jumuiya ya wazazi zikaanza kuota, ziliota zaidi kule kule Kilimanjaro, ambako wazazi walishajua thamani yake na walikuwa na cha kuchangia. Nafasi za wilaya ziligawa shule za serikali kwa haki. Zile nyingine hazikumgoja mgawaji.

Nilipopangiwa kazi nilipangiwa bondeni. Niliteremka na lori la chumvi, wakati wa mvua, na lori lilipokwama nikamaliza safari kwa miguu pamoja na wachuuzi wa samaki. Siku hizi kuna daraja la Mto Momba pale Kamsamba na mtu wa Songwe anavuka kwenda Rukwa bila kulowa. Wakati ule mto ulipojaa tulikuwa kisiwa. Nilikuwa nimezoea kujihesabu mtu wa nyuma. Pale nikakuta kwamba Itaka ni mbele. Wazazi walinitazama kama mtu wa mjini, wakaniuliza habari za huko juu, na huko juu ilikuwa ni kwetu.

Nikaanza kuzitazama zile nafasi za wilaya kwa jicho lingine. Wilaya ilikuwa moja kwenye karatasi. Ndani yake kulikuwa na shule za Vwawa na Mlowo, zenye walimu waliokaa na umeme wa jenereta jirani, na kulikuwa na shule yetu yenye walimu watatu, mmoja wao yuko likizo ya ugonjwa tangu nimefika. Nafasi za wasichana za Mbozi zilijazwa kila mwaka, hakuna iliyorudishwa. Zilijazwa na wasichana wa barabarani. Kwenye taarifa, wilaya imetimiza. Kwenye darasa langu la saba, miaka minne mfululizo, hakwenda msichana hata mmoja. Hakuna aliyefanya hila. Fomu ilikuwa na safu ya mkoa, safu ya wilaya na safu ya jinsi, na haikuwa na safu ya umbali kutoka lami.

Huko bondeni ndiko nilikojifunza pia uzito wa kalamu ya rejesta. Mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa, ndivyo ilivyofanyika nchi nzima, na akifukuzwa kwa sababu hiyo harudi. Mtoro aliweza kurudi. Mwalimu mmoja niliyefanya naye kazi, mtu mkimya asiyependa hotuba, alikuwa na mazoea ya kuandika "utoro" pale ambapo wengine wangeandika "mimba". Hakuwahi kulieleza na mimi sikuwahi kumwuliza. Wasichana wawili ninaowafahamu walimalizia darasa la saba shule nyingine kwa sababu ya neno hilo. Mwaka 2017 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba aliyepata mimba hatarudi shule ya serikali. Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri Joyce Ndalichako akatangaza kwamba sasa anaruhusiwa kurudi. Yule mwalimu alikuwa ameshafariki.

Mengine yaliyofuata yanajulikana na sina la kuyaongezea. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, madarasa yakajaa tena kama enzi za UPE. Mwaka 2006 na kuendelea zikajengwa shule za sekondari za kata kila mahali, na ada ya sekondari hadi kidato cha nne ikaondolewa mwaka 2016. Mtoto wa leo wa Itaka hangoji fungu la wilaya kwenda kidato cha kwanza. Zaidi ya hapo, katika sekondari nilizofundisha mwishoni, wasichana wa kidato cha kwanza walikuwa wakiwazidi wavulana kwa idadi. Kidato cha nne ni habari nyingine.

Yule mvulana aliyenizidi alama nilikutana naye Tunduma, miaka mingi baadaye. Ana malori mawili na tumbo la heshima. Tulikaa mgahawani karibu na foleni ya magari ya kwenda Zambia, tukaagiza kuku, akasema kwa kicheko kile kile, "Mwalimu, ulikula nafasi yangu." Nikamwuliza dada yake aliishia darasa la ngapi. "La nne," akasema. Nikamwuliza maji ya nyumbani kwao alikuwa anachota nani. Nilidhani nimemmaliza. Akafuta mikono, akasema, "Sikatai. Lakini mimi na wewe na dada yangu tuligombania kiti kimoja, na aliyeleta kiti kimoja hakugombana na mtu." Nimelitafuta jibu la maneno hayo na sijalipata. Mgawanyo ule uliniokoa mimi, na nitaupigania mbele ya yeyote anayesema ulishusha kiwango. Ila ulikuwa mgawanyo wa uhaba, na uhaba wenyewe ulikwenda miaka thelathini bila kuguswa.

Na rafiki yangu wa dawati moja? Kijana wa shaba ndiye aliyemwoa yeye badala yangu. Wale wazee hawakupoteza safari. Alikaa Zambia, akarudi mjane, akaanza na debe moja la maharage sokoni Mlowo. Sasa anapakia mahindi kwa semi. Watoto wake wote wamesoma, na hapendi kuhojiwa juu ya hilo. Nikijaribu kuongea habari za mwaka 1981 ananikatisha: "Wewe ulipewa, mimi nikanunua. Tuendelee."

Tulikutana tena mwaka jana kwenye kikao cha wazazi cha sekondari moja ya kata, yeye kwa ajili ya mjukuu, mimi nikiwa mjumbe wa bodi. Ajenda ilikuwa hosteli. Shule ya kata iko ndani ya kata, ndiyo, lakini kata zetu ni pana, na kuna mabinti wanaotembea zaidi ya saa mbili asubuhi. Wazazi wenye uwezo kidogo wanawapangia chumba karibu na shule. Watoto wanaviita mageto. Chumba kimoja mabinti watatu, mlango wa bati, kufuli ya kununuliwa gulioni, unga unaisha Jumatano na dereva wa bodaboda anajua unga umeisha. Utoro na mimba ninazozijua za miaka ya karibuni nyingi zimeanzia hapo. Serikali imejenga shule za bweni za wasichana za sayansi, moja kila mkoa, na ni jambo jema; ila hizo ni za waliofaulu vizuri, na anayekaa geto hafaulu vizuri.

Mzee mmoja akasimama. Aliuliza, kwa adabu, kwa nini hosteli iwe ya wasichana peke yao, na wavulana je, si watoto? Mwenyekiti akanitazama mimi. Kabla sijafungua mdomo rafiki yangu alikuwa ameshasimama, mkoba kwapani.

"Shikamoo mzee. Kijana wako akikaa geto, likizo anakurudishia nini?"

"Nguo chafu," mzee akasema, na watu wakacheka.

"Na binti wa jirani yako je, mwaka juzi?"

Kicheko kikakatika kidogo. Mzee akasema sawa, wasichana kwanza, ila iandikwe kwamba wavulana wanafuata. Ikaandikwa. Kisha tukafika kwenye mchango, na pale ndipo kikao kilipochukua saa nyingi: kila kaya matofali na debe mbili za mahindi, wafanyabiashara watoe saruji, nguvu kazi vijiji vipokezane. Mabati yalikuwa hayana mwenyewe. Mwenyekiti akapendekeza yasubiri kahawa ya msimu. Rafiki yangu akauliza msimu una tarehe gani, akataka iandikwe hiyo nayo, mwezi na siku, na jina la mtu atakayekwenda Mlowo kuyanunua.